Sura ya Sita: Chuma Kinachosubiri Zamu

M. Eugene Merchant alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akichunguza namna chuma kinavyokatwa. Alikuwa mtafiti huko Cincinnati, Ohio, katika kampuni ya mashine za karakana iliyokuja kujulikana kama Cincinnati Milacron, na mpaka leo wanafunzi wa uhandisi huchora duara lenye jina lake wanapokokotoa nguvu zinazokutana kwenye ncha ya kisu. Ukitafuta mtu wa kukueleza jinsi ya kuongeza kasi ya kukata, ni yeye. Ndiyo maana hesabu aliyoitoa miaka ya 1970 inafaa isomwe polepole. Katika karakana inayochonga vipuri kwa mafungu madogo, alisema, kipuri kikishapita mlangoni asilimia 95 ya muda wake humo ndani kinahamishwa au kinasubiri. Ni asilimia 5 tu kinapokuwa juu ya mashine. Na katika hiyo 5, kisu kinakata kwa asilimia 30 ya muda. Muda uliobaki ni wa kufunga kazi, kupima, kubadilisha vifaa, na mashine kusimama.

Igeuze hesabu hiyo iwe siku. Mteja ameambiwa arudi baada ya siku 20 za kazi, kila siku saa nane. Hizo ni saa 160. Muda ambao kisu kinagusa chuma chake ni saa mbili na dakika 24.

Naiweka mbele kwa sababu ugomvi mwingi kati ya mteja na karakana unatokana na kutoijua. Mteja anayefuatilia shafti ya pampu yake anamwona fundi kuwa mvivu. Mwenye karakana naye anailaumu mashine, anakopa benki, ananunua nyingine yenye kasi mara mbili. Mashine mpya inafika na kweli inakata kwa nusu ya muda. Siku 20 za mteja zinapungua kwa saa moja na dakika 12, halafu kila mtu anashangaa mkopo umefanya kazi gani.

Historia ya mashine hizi tangu mwanzo ni historia ya foleni inayohamishwa. John T. Parsons wa Traverse City, Michigan, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, na umbo la panga la helikopta limepinda kwa namna ambayo jicho na mkono wa fundi haviwezi kulifuata kwa uhakika. Akaanza kukokotoa pointi nyingi za umbo hilo kwa mashine za kadi zilizotobolewa, kisha kupeleka kisu kwenye kila pointi. Jeshi la Anga la Marekani likampa mkataba mwaka 1949, chuo cha MIT kikaingia kazini, na Septemba 1952 MIT ikaonyesha hadharani mashine ya kuchonga iliyokuwa ikisoma maagizo yake kwenye utepe uliotobolewa. Kisu kilifuata namba bila kuguswa na mkono wa mtu.

Lakini nani ataandika namba hizo? Kila mkunjo wa chuma ulihitaji mtu wa kukaa mezani akokotoe kisu kipite wapi, na meza ikajaa kazi kabla mashine haijajaa. Foleni ilikuwa imetoka karakana na kuingia ofisini. Ilibidi kundi la Douglas Ross, hapo hapo MIT, litunge lugha ya kompyuta iliyoitwa APT ili mhandisi aeleze umbo na kompyuta ikokotoe njia ya kisu. Mwaka 1959, lugha hiyo ilipotangazwa kwa waandishi wa habari, waligawiwa vibakuli vya aluminiamu vya kukung'utia majivu ya sigara vilivyochongwa kwa maagizo yake.

Miaka 40 baadaye Larry Lukis alianzisha huko Minnesota kampuni ambayo leo inaitwa Protolabs. Alianza mwaka 1999 na kalibu za kutengenezea vipuri vya plastiki, kisha mwaka 2007 kampuni ikaongeza uchongaji kwa CNC, yaani mashine zinazoongozwa na kompyuta. Mashine zilizotumika zingeweza kununuliwa na karakana yoyote. Jipya lilikuwa programu iliyousoma mchoro wa mteja, ikatoa bei, na kupanga njia za visu bila mchoro huo kulala siku nne kwenye dawati la mtu. Kipuri chepesi kikaweza kutoka ndani ya siku moja. Kampuni ililipa gharama ya kasi hiyo kwa kujiwekea mipaka: ukubwa fulani, aina fulani za malighafi, maumbo ambayo programu inayamudu. Nje ya hapo, mteja atafute kwingine.

Sasa tusogee mpaka kwenye mashine yenyewe. Chukua mfano wa kazi ambayo karakana yoyote ya CNC inaijua: vishikizo 20 vya aluminiamu aina ya 6061, kila kimoja kinaingia kiganjani, kina matundu manne na mfereji mmoja, na kinachongwa pande mbili. Kukata kipuri kimoja kunachukua dakika 11. Vyote 20 ni saa tatu na dakika 40.

Kabla ya dakika ya kwanza kati ya hizo, fundi anaweka jiliwa juu ya meza ya mashine na kulikaza nusunusu. Anachukua saa ya kupimia, ile ndogo yenye mshale unaosoma sehemu moja ya mia ya milimita, anaibandika kwa sumaku kwenye kichwa cha mashine na kuipitisha kwenye taya la jiliwa kutoka kushoto kwenda kulia. Mshale ukisogea, jiliwa limekaa upande. Analigonga kidogo kwa nyundo ya plastiki, anapitisha tena, anagonga tena, mpaka mshale utulie mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo anapokaza bolti. Kisha anaingiza visu: cha kusawazisha uso, kinene cha kuondoa nyama, chembamba cha kumalizia, keekee mbili, na cha kuvunja kingo. Mashine haijui kisu kina urefu gani mpaka iambiwe, kwa hiyo kila kimoja kinashushwa mpaka kiguse na urefu wake unaandikwa. Halafu kona ya malighafi inatafutwa na kuandikwa kwenye G54, mahali mashine inapotunza sifuri ya kazi. Namba moja ikikosewa hapo, kisu kinaweza kuzama ndani ya jiliwa kwa nguvu zote za mota.

Kipuri cha kwanza kinaendeshwa taratibu, kidole kikiwa karibu na kitufe cha kusimamisha. Kinatolewa, kinafutwa maji ya kupoza, kinapimwa kila kipimo kilichoandikwa kwenye mchoro. Tundu moja limepungua kidogo. Fundi anarekebisha, anaendesha tena. Saa moja na nusu imepita, na hiyo ni kwa upande wa kwanza tu. Upande wa pili, kwa kuwa kipuri hakina tena nyuso za mraba za kushikwa, huenda akalazimika kuchonga taya laini zenye umbo lake. Tuseme saa nyingine moja.

Jumla inakuwa saa sita na dakika kumi. Ni kazi ya zamu moja, ilhali mteja huenda ameandikiwa wiki tatu. Mtu aliyesimama pembeni akamtazama fundi huyu kwa zamu nzima hatamwita mvivu tena.

Saa hizo mbili na nusu za matayarisho ndizo zinazonivutia, kwa sababu ndizo zinazozaa foleni. Kama kutayarisha ni kugumu, mwenye karakana anaona afadhali akishafunga kazi achonge 200 badala ya 20, eti gharama ya matayarisho igawanyike. Anaweza kuwa amepata faida kwenye kila kipuri. Lakini mashine imefungwa na kazi moja kwa siku nne au tano mfululizo, na wateja wengine wote wamekaa nyuma yake.

Aliyelipiga vita jambo hili kuliko wote ni Mjapani Shigeo Shingo. Mwaka 1950 alikuwa Hiroshima, kwenye kiwanda cha Toyo Kogyo kilichotengeneza magari ya Mazda, akichunguza mashine kubwa za kukandamiza bati. Wakati wa kubadilisha kalibu kwenye mashine ya tani 800, mfanyakazi mmoja alipotea zaidi ya saa nzima. Alikuwa akitafuta bolti. Alipoikosa alichukua ndefu ya mashine nyingine, akaikata, akaitengenezea nyuzi upya. Shingo alitoka na swali jepesi ambalo viwanda vingi havikuwahi kujiuliza: ni kazi zipi za matayarisho zinazolazimu mashine isimame, na zipi zingeweza kufanywa wakati inaendelea na kazi ya mtu mwingine? Bolti ingeweza kutafutwa jana.

Mwaka 1969 swali hilo lilifika kwenye kiwanda cha Toyota, ambako walikuwa na mashine ya tani 1,000 iliyochukua saa nne kubadilishwa. Baada ya miezi sita walikuwa wameifikisha dakika 90. Kisha wakuu wa kiwanda wakadai dakika tatu, na ndani ya miezi mitatu zikapatikana. Zile zilikuwa mashine za kukandamiza, lakini fikra ni ile ile kwenye karakana ya CNC. Visu vipimwe urefu kwenye kifaa cha pembeni wakati mashine inachonga kazi nyingine. Jiliwa likae kwenye bamba lenye pini, ili likirudishwa lijipange lenyewe bila saa ya kupimia. Karatasi ya kazi, malighafi na taya laini viwe kwenye toroli moja kando ya mashine kabla kazi iliyopo haijaisha.

Uingereza nayo ilichangia kwa njia nyingine. Mapema miaka ya 1970 David McMurtry, mhandisi wa Rolls-Royce, alihitaji kupima mabomba membamba ya mafuta ya injini za ndege ya Concorde, akabuni kipimio chenye kijiti kinachotoa ishara pindi kinapogusa kitu. Kampuni ya Renishaw ilianzishwa mwaka 1973 juu ya ubunifu huo. Kipimio cha namna hiyo kikiwekwa ndani ya mashine ya CNC kinatafuta kona ya malighafi chenyewe kwa muda mfupi sana. Mtu anayepanga kununua mashine yenye kasi zaidi ya kukata, ningemshauri kwanza aulize bei ya kijiti hicho.

Hata hivyo matayarisho ni sehemu tu ya jambo. Foleni yenyewe ina kanuni zake, na kanuni mbili kubwa zilichapishwa mwaka mmoja, 1961. Ya kwanza ni ya Mmarekani John Little. Inasema idadi ya kazi zilizomo ndani ni sawa na kasi ya kazi kuingia ikizidishwa na muda ambao kila moja inakaa. Ni rahisi mpaka inaonekana haina maana. Lakini igeuze: karakana ina kazi 60 ambazo hazijakamilika, na inamaliza nne kwa siku. Kazi mpya ikifuata zamu itatoka baada ya siku 15. Fundi akiahidi siku tano, ama ataruka wenzako 40, ama hatatimiza.

Hapa ndipo ilipo siri ya ile "njoo kesho" inayojulikana Gerezani, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi. Watu huichukulia kuwa tabia ya mafundi. Mimi naiona kuwa ni hesabu ya vianzio. Mteja akija na kianzio, fundi hakikatai, maana ndicho kitakachonunua malighafi ya kazi ya jana na kulipa umeme. Kazi yake inaingia. Kesho anakuja mwingine, na mwingine. Kasi ya kumaliza ni ile ile nne kwa siku, ila zilizomo ndani zimefika 80, na ahadi za wote zimesogea bila yeyote kuambiwa. Anayepiga kelele sana anahudumiwa. Kazi iliyokuwa nusu kwenye jiliwa inafunguliwa ili yake ifungwe, kwa hiyo matayarisho yanafanywa mara mbili na kasi ya kumaliza inashuka chini ya nne. Mteja mwenye busara hasimami mlangoni mwa karakana akauliza "lini?" Anauliza zimebaki kazi ngapi ndani, na wiki iliyopita zilitoka ngapi.

Kanuni ya pili ni ya Mwingereza John Kingman, na ndiyo inayokera wahasibu. Inaeleza muda wa kusubiri unavyokua kadiri mashine inavyoshughulishwa. Tuseme kazi moja inachukua wastani wa siku moja kwenye mashine, kazi zinaingia bila mpangilio, na ukubwa wake unatofautiana sana. Mashine ikishughulishwa asilimia 50 ya muda, kazi itasubiri kwa wastani siku moja. Kwa asilimia 80 ni siku nne. Kwa 90 ni siku tisa. Kwa 95 ni siku 19. Kutoka 80 hadi 95 umepata kazi kidogo zaidi kwa mwezi, na umewasubirisha wateja wote karibu mara tano. Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni inafuata tabia hiyo hiyo: magari machache yakiongezeka juu ya barabara iliyokwisha kujaa, mwendo wa nusu saa unakuwa wa saa mbili.

Mwenye karakana anaposikia haya anauliza: nimeilipia mashine fedha zote hizo, halafu niiache isimame? Naam, isimame kidogo. Mashine isiyosimama hata dakika ni mashine yenye watu wengi mlangoni. Bei zenyewe zimeshuka kiasi cha kuliwezesha jambo hili. Gene Haas wa California alipotoa mashine yake ya VF-1 mwaka 1988 aliiuza dola 49,900, na tangu hapo karakana ndogo zimeweza kufikiria mashine ya pili ambayo haitajaa. Hiyo ya pili, ikishughulishwa nusu ya muda, inapunguza siku za mteja kuliko ya kwanza ikibadilishwa kwa yenye kasi maradufu ambayo nayo itajazwa mpaka shingoni.

Kuna foleni nyingine ambazo fundi hazimiliki. Chuma cha EN8 cha kipenyo cha kawaida kipo madukani. Chuma maalumu, chenye hati ya kiwanda kilichokiyeyusha, huenda kikasubiri meli. Kipuri kinachotakiwa kukomazwa kwa moto kinapelekwa kwa mwenye tanuru, naye hawashi tanuru kwa kipuri kimoja, anasubiri lijae. Kikitoka kimepinda kidogo, kwa sababu chuma kilichochomwa na kupozwa ghafla hujinyonga, na hivyo kinarudi karakana kusagwa upya. Kila kinapotoka mlango mmoja na kuingia mwingine kinaanza kupanga foleni nyuma ya wengine.

Na mara nyingine foleni ndefu inaandikwa na mteja mwenyewe kwenye mchoro, kwa tarakimu moja. Urefu wa milimita 200 usipowekewa masharti maalumu, daraja la kati la kiwango cha kimataifa cha ISO 2768 linaruhusu nusu milimita kila upande. Karakana yoyote inaweza. Mchoraji asiyefikiri, au anayetaka kujilinda, anaandika sehemu moja ya mia. Sasa vipimo vya viwandani duniani kote huhesabiwa kwa nyuzi joto 20. Dar es Salaam mwezi Februari karakana iko nyuzi 32. Aluminiamu ya milimita 200 imerefuka kwa takriban sehemu tano na nusu za mia. Kipimio cha chuma kimerefuka nacho, lakini nusu yake. Tofauti inayobaki ni karibu sehemu tatu za mia, mara tatu ya kile mchoro unachoruhusu, na kisu hakina kosa lolote. Kipuri hicho kitapelekwa kwenye chumba cha baridi, kitalala huko mpaka kitulie, kitapimwa na mtu mmoja mwenye chombo kimoja, na huyo naye ana foleni. Kama ni kishikizo cha kufungia boksi la umeme ukutani, siku zote hizo hazikununua kitu.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kulitazama jambo hili kwa karibu. Mashine za CNC zipo. Nairobi kuna Numerical Machining Complex, iliyoanzishwa mwaka 1994 kama mrithi wa Nyayo Motor Corporation, ile kampuni iliyotoa magari matano ya majaribio ya Nyayo Pioneer yaliyozinduliwa mwaka 1990. Arusha kuna TEMDO, shirika la Tanzania la kusanifu na kuendeleza uhandisi wa mitambo. Zipo karakana binafsi, na zinaongezeka. Faida yao dhidi ya kipuri cha ng'ambo inaweza isiwe bei. Ni kwamba kipuri chao hakipandi meli wala hakilali bandarini. Lakini faida hiyo inaliwa haraka: profoma inasubiri sahihi, LPO, yaani hati ya kuagiza, inasubiri kikao, na kiwanda kilichosimama kinadai shafti ndani ya siku tatu baada ya karatasi zake kukaa wiki mbili ofisini.

Viwanda vinavyoendeshwa vizuri huwa havingoji shafti ivunjike. Vinachora vipuri vyao vya hatari wakati mtambo ni mzima, vinaiachia karakana michoro hiyo pamoja na programu iliyokwisha kujaribiwa, na vinaagiza shafti iliyokerezwa nusu: chuma kimeshatafutwa, mwili umeshatolewa nyama, imebakizwa milimita mbili kwenye sehemu zinazobeba beringi. Inapakwa grisi na kuwekwa stoo. Mtambo ukisimama, kinachobaki ni kufunga, kukereza milimita mbili za mwisho kulingana na beringi iliyopatikana sokoni, na kuchonga mfereji wa ufunguo. Fedha iliyolala kwenye chuma kile ni ndogo, na mhasibu atakayeipinga aombwe kwanza aandike gharama ya siku moja ya mtambo kusimama.